Mkate Uliompita Gervais

Jumapili, 7 Septemba 2025

Anysie, hujambo? Umeamkaje? Mwili unaendeleaje, na ule mgongo wako? Najisalimia mwenyewe, maana leo sina mwingine wa kumsalimu halafu nimwambie nilichokiona. Mdomo wangu haujui kufunga, Mungu ananijua. Bora niseme hapa.

Gervais hakula Meza ya Bwana!

Gervais wangu. Shemasi. Yeye ndiye anayebeba sahani ya mkate kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Amegawia kanisa lote, safu kwa safu, kitambaa cheupe mkononi, vizuri kabisa. Akarudi mbele. Pasta Boniface akamnyooshea sahani na yeye achukue — akatikisa kichwa. Kidogo tu. Mkate ukampita. Kikombe nacho kikampita.

Kwetu kila mtu anajua maana yake. Asiyekula ana dhambi anayoificha, ama ana ugomvi na mtu hajaumaliza. Hakuna la tatu. Nimekulia humo tangu Uvira, kule Kongo, la tatu sijalisikia. Wamama wa safu yetu wote waligeuka wakaniangalia mimi, kama vile ni mimi niliyemfunga mdomo. Mama Fidelis, kiongozi wetu, alinishika mkono akaubana. Mama Fidelis kukosa la kusema!

Kwenye gari nimemuuliza. Eti tumbo. Tumbo gani linakataa kipande kidogo kama ukucha?

Jumatano, 10 Septemba

Nimepika sombe, majani ya muhogo, na samaki, na fufu, ugali wetu wa muhogo, laini vile anavyopenda. Kasema ameshiba, amekula kazini. Jana vile vile. Juzi vile vile. Kazi yake ni kusukuma wazee kwenye viti vya magurudumu pale Dulles, uwanja wa ndege wa hapa Virginia, kutwa nzima anatembea. Na mshipi wake — nimeuona leo nikifua — ametoboa tundu jipya kwa msumari. Mtu anashiba kila siku, anakonda vipi?

Nimemuuliza Elodie kama ameona kitu kwa baba yake. Mtoto nasema naye Kiswahili, ananijibu Kizungu, macho kwenye simu. Eti nimwache baba, labda yuko kwenye diet. Diet! Mwanaume wa Uvira!

Silipendi wazo linalonijia. Mume akikataa sufuria yako, kuna sufuria nyingine mahali. Hivyo ndivyo mama zetu walivyokuwa wanagundua, hawakuhitaji kupekua simu.

Ijumaa, 12 Septemba

Yesu wangu!

Nimefungua buti ya gari kutafuta mwavuli. Chini ya koti lake la kazi, mfuko. Ndani ya mfuko, vyakula vya mtoto mchanga. Vile vipakiti laini vya kufyonza — vya karoti, vya ndizi, vya viazi vitamu — na picha ya mtoto anacheka. Vingine vimeshaminywa, vitupu.

Mtoto! Gervais ana mtoto! Na mtoto mwenyewe keshaanza kula!

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwambia Mama Fidelis. Sikupanga. Nilienda kumrudishia sufuria yake, nikajiambia, Anysie, leo unarudisha sufuria tu. Kufika mlangoni, machozi yameshatangulia. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama Elodie," kasema, "hili ni la kubeba kwa maombi. Halitoki hapa." Tukapiga magoti kwenye kapeti, tukalia wote wawili. Nikarudi nimepoa.

Jioni wamama wengine wawili wamenipigia kunipa pole. Mmoja kaniuliza mtoto ni wa kiume ama wa kike.

Jumatatu, 15 Septemba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Nilimngoja jikoni. Nilipanga vile vipakiti mezani kama karata. Alipoingia nikamwambia, "Baba Elodie, mama wa huyu mtoto anaitwa nani?"

Aliniangalia kama nimesema Kichina. Halafu akacheka. Halafu hakucheka tena. Akavuta kiti, akafungua kipakiti kimoja, cha karoti, akakitia mdomoni. Mbele yangu! Mume wangu, na mvi zake, ananyonya kama mtoto. Mkono mmoja ameshika koo. Jasho limemtoka. Amefumba macho, akameza, akangoja, akafumbua — kama mtu aliyevuka barabara kubwa bila kuangalia.

"Mtoto ndiye huyu," kasema.

Yote yalianzia ile harusi ya Arakaza kule Herndon, mwezi wa saba. Ile brochette, mishikaki ya mbuzi. Nyama ilimkwama kooni, hewa haiingii wala haitoki, akasimama anatupa mikono — na sisi, muziki umewaka, tukadhani anacheza! Tulimpigia vigelegele! Mimi pia. Ni yule nesi Mkenya, Wairimu, aliyeona uso wake, akamkumbatia kwa nyuma, akambana tumboni mpaka nyama ikaruka. "Ai baba, kutafuna nako hukufunzwa?" Wairimu akasema, na meza nzima ikacheka. Nimewasimulia watu hadithi hiyo mara nyingi. Kama kichekesho.

Kumbe tangu siku ile hajameza kitu kigumu. "Nikiweka chakula mdomoni, koo linafunga. Moyo unakimbia. Naona nakufa. Si mawazo, Mama Elodie, nakuambia nakufa kabisa."

Mwezi wa nane siku ya Meza alikuwa kazini, nami sikuwaza kitu. Na mkate wa Bwana mwezi huu?

"Kile kipande ni kikavu. Bila maji. Mbele ya watu wote. Kikinikwama je? Nikitapika mwili wa Bwana sakafuni, nitauangalia uso wa nani?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema: tumekimbia vita, tumelala porini na mvua, sikuogopa mbele yako. Leo nije niseme naogopa mkate?

Tulilia. Nikamshika kichwa hivi, kifuani. Nilishukuru Mungu hakuna mwanamke, hakuna mtoto. Halafu nikamkumbuka Mama Fidelis. Ee Mungu. Sijamwambia Gervais.

Alhamisi, 18 Septemba

Wamenipigia kutoka kazini kwake. Ameanguka! Ameshika kifua, mikono imekufa ganzi, ambulansi imembeba. Nilimwacha yule bibi mzee ninayemtunza kule Annandale na binti yake, nikakimbia. Njiani nilishaanza kuchagua nyimbo za msiba, Mungu anisamehe.

Moyo wamepima: mzima kama wa kijana. Kooni wamepitisha kamera ndogo: wazi, hakuna kitu, hata kovu. Dokta kasema ni shambulio la hofu. Hofu tu! Eti mwili umepiga mbio kama unakimbizwa na simba, na simba hayupo. Kasema watu wa namna hiyo ni wengi mno. Wengine wanaogopa mbwa, wengine juu ya ghorofa, wengine kusimama mbele za watu, wengine kumeza kama huyu. Kasema ni ugonjwa, unatibika, kuna mtu wa kumwona.

Nimeshangaa mpaka sasa. Hofu inaweza kumlaza mwanaume kwenye ambulansi! Sisi hofu tunaikemea kwa jina la Yesu, inatoka, tunaendelea na ibada. Sikujua inapimwa hospitali.

Jumapili, 21 Septemba

Pasta ametangaza. Ndugu Gervais "atapumzika kidogo na huduma." Hakusema kwa nini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Gervais alikunja kile kitambaa cheupe, akakiweka mezani, akarudi kukaa.

Nilimvizia Mama Fidelis mlangoni. Nikamwambia hakuna mtoto, ni koo, ni hofu, hospitali wamesema. Akanipigapiga begani. "Ndiyo, mama. Mlinde mumeo, ni vizuri." Hakuamini hata neno moja! Nikizidi kueleza, ndivyo nazidi kuonekana nafunika.

Kwenye gari nimemwambia Gervais kila kitu. Kwamba ni mdomo wangu. Hakunigombeza. Kasema tu, "Ungeniuliza mimi kwanza." Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 30 Septemba

Tumemwona huyo mtu wa hofu. Anaitwa Zaria, Mmarekani mweusi wa hapa hapa, alisomea Kiswahili chuoni akaenda kuishi Tanzania. Kutuona: "Karibuni sana, waheshimiwa. Naomba radhi kwa kuwachelewesha." Gervais akaninong'oneza, "Huyu anasoma taarifa ya habari." Sijamsikia akitania tangu harusi ile.

Lakini huyu mama ana akili. Kasema: mnayo ile kengele ya moshi kwenye dari? Tukasema, inatutesa, nikikaanga samaki inalia jengo zima linatoka nje. Kasema, basi ndani ya mtu iko moja. Ya Gervais si mbovu, inafanya kazi sana kupita kiasi. Siku ya harusi moto ulikuwa wa kweli. Tangu hapo inalilia samaki. Na kila akikimbia kwa kuacha kula, kengele inasema: unaona, niliokoa maisha! Inazidi kulia. Siku akikaa nayo, ikalia, ikalia, akameza na hakufa, ndipo inajifunza.

Akauliza kama kwao kuna mwingine mwoga namna hiyo. Gervais akafikiri. Kasema mama yake hakuwahi kuvuka daraja la gari. Alikuwa anashuka, anapita chini kwa miguu, hata maji yakiwa kiunoni. Walidhani ni ukaidi. Zaria kasema mara nyingine kengele kali inarithiwa, kama pua. Akauliza ya vita pia. Gervais aliangalia sakafu. Zaria hakumsukuma.

Dawa zipo mbili. Kidonge, ambacho dokta ataandika, nacho hakifanyi haraka. Na kula. Kidogo kidogo, kutoka laini kwenda kigumu, kila siku, hofu ikiwepo. Nikauliza, na maombi? "Ombeni sana," kasema. "Kisha ale."

Halafu akanigeukia mimi. Mnafanyaje nyumbani? Nikafurahi kuulizwa! Nikamweleza: tangu nijue, nasaga kila kitu kwa blenda — sombe, maharage, samaki — mpaka kinakuwa uji. Nakaa pembeni yake na glasi ya maji. Kila kijiko namuuliza, umemeza? Uko sawa? Nilidhani atanisifu.

Kasema taratibu, "Mama, hayo yote itabidi uyaache."

Yote! Blenda, glasi, swali. Kasema kila nikimuuliza "umemeza?" naiambia kengele yake kwamba kumeza ni hatari. Upendo wangu ndio unailisha hofu. Hakulisema vibaya, lakini mimi nimepigwa kama kofi. Kuuliza umemeza ndiyo kazi yangu! Kwa wazee ndivyo tulivyofundishwa: usimpe kijiko cha pili kabla hujauliza. Ndivyo ninavyowalisha wazee wa watu hapa Virginia, miaka yote hii. Na kwetu mgonjwa haachwi. Ukimwacha mgonjwa na sahani yake peke yake, wewe ni mtu gani?

Nimelia kwenye maegesho. Gervais ndiye aliyenibembeleza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Blenda nimempa Elodie. Anafurahi, anasagia majani yake.

Gervais ameweza ndizi iliyopondwa kwa uma. Ameweza mkate uliolowa chai. Leo ilikuwa wali. Kijiko kimoja — akakitema, akasukuma kiti, akatoka nje bila viatu. Namwona dirishani anazunguka magari, mikono kichwani. Majirani wanamwona.

Sikumfuata.

Sijawahi kufanya kitu kigumu hivyo. Nilishika meza kwa mikono miwili ili miguu isiende.

Alirudi mwenyewe. Akakaa. Wali umeshapoa. Akajaribu tena.

Jumapili, 19 Oktoba

Wali umepita! Sahani ndogo nzima! Nilimpa mgongo nikawa naimba, naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, ili mdomo wangu usipate nafasi ya kuuliza. "Umemeza" imebaki kwenye meno yangu. Haleluya.

Kanisani hatukwenda. Kasema hawezi kukaa pale watu wakimhesabia watoto.

Jumamosi, 1 Novemba

Leo! Sijui nianzie wapi.

Gervais mwenyewe alimpigia Pasta, akamwomba aje, na amlete Mama Fidelis. Nilikaanga mandazi mpaka kengele ya moshi ikalia. Walipokaa, Gervais hakuzunguka. "Pasta, sina mtoto nje. Nina ugonjwa wa hofu. Naogopa kumeza. Mkate wa Bwana niliuogopa kama nyoka, ndiyo maana ulinipita."

Mama Fidelis akaniangalia, akamwangalia. "Sasa vile vyakula vya mtoto, shemasi?"

"Nilikula mimi, mama. Ukipewa, cha karoti usikubali."

Mama Fidelis alicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akaanza kulia, akaniomba msamaha, nami nikamwomba. Elodie alitoka chumbani kuuliza nani amekufa.

Gervais akachukua andazi, akalimega. Akalitia mdomoni, akatafuna. Tukaacha kupumua. Akatafuna, akatafuna. Akalitema kwenye karatasi. "Bado," kasema. "Kikavu bado hakipiti."

Pasta Boniface alikuwa anageuza kikombe. Ndipo akasema: "Mnajua kwa nini hospitalini napanda ngazi?"

Nani asiyejua! Pasta akienda kuona wagonjwa, hata ghorofa ya juu kabisa, anapanda kwa miguu. Tunasema anaombea kila ngazi. Vijana wameshaanza kumwiga. Nimewahi kulitolea ushuhuda mbele ya kanisa!

"Ni lifti," kasema. "Ile milango ikifunga, nasikia nimezikwa. Tangu zamani. Mkanisifu kwa maombi, nikaona aibu kuwasahihisha."

Mama Fidelis aliweka andazi lake chini. Mimi pia. Pasta wetu! Gervais peke yake hakushangaa. Akamwongezea chai, akamwambia, "Pasta, nina namba ya mtu. Ila Kiswahili chake kitakupa kazi." Wakacheka kama vijana wawili waliokamatwa.

Pasta alipoaga kasema kesho ni Meza. Kitambaa kipo pale pale. Akitaka kubeba sahani, abebe. Akila, akiacha kula, hakuna wa kumwangalia. Gervais kamjibu: "Waache waangalie. Nitajaribu mbele yao."

Mbele yao! Kipande kikavu, bila maji, na watu wote wale.

Jumapili, 2 Novemba

Niko Annandale kwa bibi yangu. Shifti hii niliiomba mwenyewe. Zaria alisema nikiwepo nitamlinda kwa macho, naye atakula kwa ajili ya macho yangu. Elodie amempeleka. Nimemwambia akae nyuma kabisa, asirekodi. Akanijibu kwa Kiswahili, "Sawa, mama." Kiswahili! Ndipo nilipojua naye anaogopa.

Na leo ndiyo siku Wamarekani wamerudisha saa nyuma. Kati ya siku zote! Mchana hauishi.

Bibi amekula supu yake. Kila kijiko nimemuuliza kama amemeza, ni kazi. Ameniambia leo namuuliza kama polisi.

Sasa watakuwa wamemaliza mahubiri. Ibada yetu ni ya mchana, ukumbi ni wa kukodi, asubuhi wapo wengine. Sasa wanaimba. Sasa labda amesimama na sahani, anapita safu ya Mama Fidelis.

Nimechukua ukoko wa mkate uliobaki kwenye sahani ya bibi, mkavu. Nikautia mdomoni, nione. Nikatafuna. Haukushuka. Mimi! Ninayekula vyote! Koo limekaza, moyo unapiga masikioni, nikaona nikimeza nitakwama hapa jikoni kwa watu. Nilisimama nao mdomoni sijui muda gani. Ndipo ukapita, umekwaruza.

Kumbe ni hivi. Kila siku, tangu mwezi wa saba. Na mimi nilikuwa nasimulia watu, wanacheka.

Sasa Pasta anamnyooshea sahani. Ama ameshamnyooshea.

Simu haisemi kitu. Wairimu yuko pale leo, amealikwa, ningeweza kumwandikia asogee karibu naye. Hapana. Elodie ningeweza kumuuliza. Hapana. Nimeandika kwa Gervais mwenyewe, kidole kimekaa juu ya kutuma. Nimefuta. Nimeandika tena. Nimefuta tena. Simu nimeiweka juu ya friji.

Swali lenyewe naliandika hapa, ambapo hatalisoma: Baba Elodie, umemeza? Uko sawa? Nijibu upesi, baba. Hata neno moja. Nijibu